Githeri ya Shule Ilitoka Wapi?

Siku ya uchaguzi wa Agosti 2017, picha ya jamaa aliyekuwa kwenye foleni ya kupiga kura huku akila githeri kutoka kwa mfuko wa plastiki ilizunguka Kenya nzima kabla hata kura hazijahesabiwa. Tulicheka wiki mzima. Hakuna aliyehitaji kuelezwa ni nini kilikuwa ndani ya mfuko. Jina lenyewe ni la Kikikuyu. Wakamba husema isyo, Wajaluo nyoyo, na Mombasa ukiuliza pure utaletewa ndugu yake. Lakini mtu aliyesoma bodi, awe alitoka Busia au Garissa, anaijua kama githeri, maana aliipangia foleni na sahani mkononi kwa miaka minne.

Siku hizi chakula cha shule kimekuwa habari kubwa. Kaunti ya Nairobi inapika, serikali kuu inaahidi, mashirika yanapiga picha. Na karibu kila hotuba lazima iwe na wazo moja: mtoto ale kile kinacholimwa karibu na shule yake, na mkulima wa hapo karibu apate soko. Wazo hilo nalipenda sana. Shida yangu ni kwamba nikisoma historia ya ile sahani, naona kila wakati kulikuwa na mtu aliyehakikishiwa soko, na karibu kila wakati huyo mtu hakuwa jirani wa shule. Basi tuifuate sufuria tangu mwanzo. Swali letu ni moja tu: nani alikuwa analipwa?

Tuanze na mahindi. Asili yake ni bara la Amerika, na Wareno ndio walioyafikisha katika pwani yetu karne kadhaa zilizopita. Waswahili wakayaita mahindi, jina linaloelekeza kidole Uhindini. Huku bara watu waliyapanda kwa kiasi, ya rangi mchanganyiko, pembeni mwa wimbi, mtama, kunde na viazi vikuu. Uji ulikuwa wa wimbi ama wa mtama.

Kilichoyapandisha cheo mahindi ni kazi ya kuajiriwa. Masetla walipochukua ardhi ya nyanda za juu, walihitaji kitu cha kulisha vibarua: cha bei rahisi, kisichooza haraka, kinachopimika. Unga wa mahindi ulifaa. Kipimo kilichozoeleka kilikuwa ratili 2 za unga kwa mtu mmoja kwa siku. Mgao huo uliitwa posho. Neno hilo bado tunalo. Uganda posho ndio ugali wenyewe. Kwetu mtoto akitumwa poshomili anabeba debe lake anaenda, na hakuna anayemwambia kwamba ametajiwa mgao wa kibarua.

Baadaye masetla wakaona biashara. Walileta mbegu ya mahindi meupe kutoka Afrika Kusini, ile ya Hickory King ikiwemo, kwa sababu viwanda vya wanga huko Uingereza vililipa vizuri zaidi mahindi meupe. Yale ya rangi mchanganyiko yakawa ya bei ya chini, halafu pole pole yakawa aibu. Ndipo Mkenya akafundishwa kwamba mahindi halisi ni meupe. Mwaka 1942, katikati ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya kikoloni iliweka mfumo wa kudhibiti biashara ya mahindi. Serikali ndiyo ilinunua, na ndiyo ilipanga bei. Setla alilipwa zaidi ya Mwafrika kwa gunia la mahindi yale yale. Kwa hivyo ukiuliza nani alikuwa analipwa enzi hizo, jibu liko wazi.

Shule za bweni zilipika kwa mtindo huo huo wa kambi: sufuria kubwa, mahindi, maharagwe, chumvi, kipimo kimoja kwa wote. Hakuna aliyekaa chini kufikiria mtoto wa Kenya angependa kula nini. Kulikuwa tu na chakula ambacho mfumo ulikuwa umeshajifunza kukipima.

Lakini mbona shule hazikula kile zilicholima? Shamba la shule lilikuwepo tangu mwanzo. Wakoloni walipenda sana wazo la Mwafrika kujifunza kilimo. Mwaka 1925 Jeanes School ilifunguliwa pale Kabete kufunza walimu ambao wangerudi vijijini kufundisha kilimo, usafi na kazi za mikono. Wanafunzi wenyewe walikuwa na mawazo mengine. Mgomo wa wanafunzi unaotajwa mara nyingi kama wa kwanza Kenya ulitokea Maseno mwaka 1908. Vijana walikataa kazi za mikono, wakadai wafundishwe vitabu. Nawaelewa kabisa. Waliona kwamba jembe lilikuwa njia ya kuwaandaa kuwa vibarua, na kalamu ndiyo ingewatoa huko.

Kuanzia hapo shamba na darasa vikakosana, na hawajapatana hadi leo. Baada ya Uhuru tulikuwa na vilabu vya 4K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, ambavyo vilifundisha watoto kulima na kufuga. Vikafifia, vikazinduliwa upya mwaka 2021. Lakini katika shule nyingi shamba lilibaki mahali pa kuadhibiwa. Mimi nilisoma bodi kwenye shule moja upande wa Mlima Kenya. Nyuma ya ua kulikuwa na nyanya mmoja tuliyemwita Shosh. Alikuwa na miti mitatu ya avokado, nduma kando ya kijito, na managu yaliyojiotea tu kati ya mahindi yake. Alituuzia avokado kupitia kwa ua, bob 5 kila moja. Githeri ya wiki ya tano ya muhula, ile yenye dumuzi wanaoelea juu, huwezi kuimeza bila avokado. Ukishikwa ukinunua, adhabu ilikuwa kulima shamba la shule. Fikiria hiyo hesabu. Chakula cha shamba la jirani kilikuwa magendo, na kulima kulikuwa kiboko. Mahindi yetu yalikuja na lori kutoka mbali, na Shosh hakuwahi kuuza hata gorogoro moja kwa jikoni iliyokuwa hatua mia mbili kutoka mlangoni kwake.

Kuna kisa kingine cha enzi za ukoloni ambacho ningependa kijulikane zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1920, mtafiti wa lishe kutoka Scotland, John Boyd Orr, alishirikiana na John Gilks, aliyekuwa mkuu wa idara ya matibabu ya koloni la Kenya, kulinganisha afya ya Wamaasai na Wakikuyu. Ripoti yao ilitoka 1931. Ilisema kwamba kwa wastani mwanamume Mmaasai alimzidi Mkikuyu urefu kwa inchi 5, na uzito kwa ratili 23. Sababu waliyoitoa ni chakula: maziwa, nyama na damu upande mmoja, nafaka na viazi upande mwingine. Mwaka 1997 mwanahistoria Cynthia Brantley aliipitia upya kazi hiyo na kuonyesha mapengo yake. Moja ni kwamba ndani ya nyumba hiyo hiyo ya Mkikuyu, wanawake hawakula sawa na wanaume, na mboga za majani zilikuwa sehemu kubwa ya chakula chao. Yaani lishe nzuri ilikuwa hapo hapo, kwenye chungu cha mama, ila si hapo macho ya wazungu yalipolenga.

Sasa, kinachonichoma ni hiki. Katika miaka hiyo hiyo, Orr huyo huyo alikuwa akijaribu kuwapa watoto wa shule za Scotland maziwa kila siku. Watoto walionenepa na kurefuka waliwashawishi wakubwa, na mwaka 1934 Uingereza ikawa na sheria ya maziwa ya bei nafuu shuleni. Sheria hiyo iliwapa watoto kikombe, na pia iliwapa wafugaji wa Uingereza soko wakati bei ya maziwa ilikuwa imeanguka. Orr aliendelea hadi akawa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa FAO mwaka 1945, na 1949 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Watoto wa Uingereza walipata maziwa, wafugaji wao wakapata pesa. Kenya tulibaki na ripoti.

Mtoto wa Kenya alingoja hadi 1979, Rais Moi alipotangaza maziwa ya bure kwa shule za msingi. Muulize yeyote aliyekuwa darasani miaka ya 80. Atakuonyesha kwa vidole umbo la ile pakiti ya pembe tatu ya Maziwa ya Nyayo, na pengine akuambie walivyoipasua kwa meno kwenye kona. Tunapenda kuicheka ile enzi, na sababu zipo. Maziwa yalikuja na siasa, na mtoto alifundishwa kumshukuru mtu mmoja kwa kitu kilicholipiwa na kodi ya mzazi wake. Lakini tukiweka siasa kando, maziwa yale yalitoka kwa ng'ombe wa hapa. Yalipitia KCC, shirika lililoanzishwa na masetla mwaka 1925 na ambalo baada ya Uhuru lilipokea maziwa ya maelfu ya wafugaji wadogo. Kwa mara ya kwanza, sahani ya shule, au tuseme pakiti, ilikuwa imefungamana na boma la mkulima wa kawaida katika nchi nzima.

Haikudumu. Miaka ya 90 serikali ilibanwa bajeti, mpango ukafifia hadi ukaisha. KCC nayo ilianza kuwachelewesha wafugaji malipo, na kufikia mwisho wa mwongo huo ilikuwa imeporomoka, hadi ilipofufuliwa kama New KCC mwaka 2003. Wafugaji wengi waliacha kupeleka maziwa huko wakawauzia wachuuzi wa baiskeli, kwa sababu mchuuzi analipa leo. Hilo neno, analipa leo, tulishikilie. Tutalirudia.

Maziwa ya Nyayo yakiwa yanaanza, mlango mwingine ulikuwa unafunguka. Mwaka 1980 Shirika la Chakula Duniani, WFP, lilianza kupeleka chakula katika shule za maeneo makavu na baadaye katika mitaa ya mabanda ya Nairobi. Kipimo cha mtoto kikaja kuwa gramu 150 za nafaka, gramu 40 za kunde au maharagwe, gramu 5 za mafuta na chumvi kidogo. Soma tena hicho kipimo. Ni githeri, imeandikwa kwa mizani.

Sehemu kubwa ya chakula hicho ilitoka Marekani, nchi ambayo tangu 1954 ilikuwa na sheria ya kupeleka ziada ya mavuno yake ng'ambo kama msaada. Sheria hiyo iliandikwa kwanza kabisa kumsaidia mkulima wa Marekani aliyekuwa na nafaka nyingi kuliko wanunuzi. Wakati wa ukame wa 1984 nchi yetu ilijaa mahindi ya njano, na wazazi wetu bado wanayasema kwa sauti ya kununa. Walikuwa wamefundishwa na masetla kwamba mahindi ni meupe, sasa Mmarekani anawaletea ya njano.

Lazima niseme ukweli wote hapa. Turkana ama Mandera kwenye mwaka wa ukame, hakuna jirani wa shule mwenye gunia la kuuza. Kwa watoto wengi wa huko, ile sufuria ndiyo ilikuwa sababu ya kufika darasani, hasa wasichana. Nimezungumza na watu waliosoma hivyo, na hakuna hata mmoja aliyenicheka nilipotaja mkebe wa mafuta wenye bendera ya Marekani. Chakula kilitoka mbali, na kiliwasomesha. Swali la nani alilipwa halifuti hilo.

Mwaka 2003 serikali za Afrika, kupitia NEPAD, zilikubaliana kwamba chakula cha shule kitoke kwa wakulima wa bara lenyewe. Mwaka huo huo Kenya ilifungua milango ya elimu ya msingi bila malipo. Madarasa yakafurika, na wengi walioingia walikuja na njaa. Halafu 2009 serikali yetu ilichukua zaidi ya watoto nusu milioni kutoka kwa mpango wa WFP na kuwaingiza katika mpango mpya wa chakula kinachokuzwa nyumbani. Utaratibu ulikuwa tofauti kabisa na wa zamani. Badala ya lori la mahindi, shule ilitumiwa pesa kwenye akaunti yake, na kamati ya shule ikanunua chakula yenyewe. Kwenye karatasi, Shosh wangu alikuwa amepata mteja.

Lakini kununua kwa pesa za serikali ni kwa tenda. Shule inatangaza, watu wanaleta bei, mmoja anachaguliwa, anapeleka mzigo, kisha anangoja malipo. Pesa kutoka Hazina ya Taifa mara nyingi zilichelewa, wakati mwingine muhula ukaisha nusu ya siku bila chakula. Sasa jiulize ni nani anaweza kushiriki mchezo huo. Mwenye gunia 6 anazotaka kuuza ndio alipe karo hawezi kungoja miezi mitatu. Hana karatasi za kampuni, hana lori, hana ghala. Mfanyabiashara wa mjini anavyo vyote. Kwa hivyo mara nyingi aliyeshinda tenda alikuwa broka, na broka hununua popote bei ilipo chini, hata kama ni ng'ambo ya mpaka. Mahindi yanafika shuleni, mtoto anakula, ripoti inasema chakula ni cha nyumbani. Na jirani wa shule bado anauza kupitia kwa ua.

Linganisha na Brazil. Mwaka huo huo wa 2009, Brazil ilipitisha sheria kwamba angalau asilimia 30 ya pesa za taifa za chakula cha shule lazima zinunue moja kwa moja kutoka kwa wakulima wa familia. Na kwa hiyo sehemu, shule iliruhusiwa kuacha mashindano ya kawaida ya tenda. Inatangaza mwaliko kwa wakulima wa eneo lake, kwa bei inayojulikana mapema. Nchi mbili, mwaka mmoja, wazo moja. Wao walimwandika mkulima ndani ya sheria kwa nambari. Sisi tulimwandika kwenye jina la mpango.

Kitu cha pili tulichosahau ni mdomo wa mtoto. Mwaka 2007, kwa ushirikiano na UNESCO, mradi ulianza wa kuwatumia watoto wa shule za msingi kuorodhesha vyakula vya jamii zao, kati ya Waisukha kule Kakamega na Wapokot. Watoto waliwauliza wazee, wakaandika majina ya mboga, wakajifunza jinsi zinavyopikwa. Mwaka 2021 kazi hiyo iliingia kwenye orodha ya UNESCO ya mifano bora ya kuhifadhi urithi. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa JKUAT naye ametumia miaka mingi kuthibitisha kwenye maabara kile shosho zetu walijua: kwamba managu, saga, terere na kunde si magugu. Leo supamaketi za Nairobi zinauza managu kwa bei ya kuringa. Ila pita jikoni mwa shule ya kawaida uone kama utayapata. Utapata kabeji.

Mwaka 2018 WFP ilikabidhi serikali mpango mzima wa chakula cha shule. Mwaka 2023 Nairobi ilizindua Dishi na County pamoja na Food4Education, shirika lililoanzishwa na Wawira Njiru mwaka 2012. Chakula kinapikwa kwenye majiko makubwa ya pamoja, kinasafirishwa hadi shuleni, na mzazi analipa bob 5. Nimeona watoto wa mtaani kwetu wakigusisha ule ukanda wa mkononi kwenye kimashine na kupewa sahani ya moto, na sina neno baya la kusema juu ya hilo. Mtoto ameshiba. Mama hahitaji kufunga kibanda saa sita akimbie nyumbani kupika.

Lakini majiko makubwa yana tabia yake. Yanapenda mzigo mkubwa, wa aina moja, unaofika kwa wakati, kama vile ile kambi ya vibarua ilivyopenda posho. Chukua mchele. Sehemu kubwa ya mchele ambao Kenya inakula hutoka nje, hasa Pakistan, na huku nyumbani tuna Mwea, mashamba yaliyochimbwa miaka ya 1950 kwa jasho la wafungwa wa Mau Mau. Kila mji unapojenga jiko la maelfu ya watoto, unaamua pia shamba la nani litaishi. Uamuzi huo unafanywa saa hizi, na mwingi unafanywa ndani ya karatasi za tenda ambazo hakuna mtu wa rika letu anayezisoma.

Kwa hivyo mimi nimepunguza kushangilia uzinduzi. Nauliza maswali matatu, na nakuomba nawe uyaulize kwa mkutano wa wazazi, kwa MCA wako, kwa shule uliyosomea: gunia hili lilinunuliwa kwa nani, kwa bei gani, na aliyelileta alilipwa baada ya siku ngapi? La tatu ndilo lililowafukuza wafugaji kutoka KCC, na ndilo lililomfungia mwenye gunia 6 nje ya mpango wa 2009. Niliwahi kumuuliza mpishi wa shule moja karibu na kwetu mahindi yake yanatoka wapi. Akaniambia, kwa upole kabisa, yanatoka kwa lori.